Doa la Sinki na Povu Linalodanganya

Mchanganyiko wa siki na bikaboneti una sifa kubwa kuliko kazi yake. Video fupi za usafi wa jikoni zimekwisha kuwa na mtindo mmoja: unga mweupe unanyunyizwa ndani ya sinki, siki inamiminwa juu yake, povu linaumuka, kisha kamera inahamia kwenye sinki linalong'aa. Kati ya povu na mng'aro huo kuna kipande kilichokatwa, na humo ndimo ilimofanyika kazi: mkono wa mtu uliosugua kwa dakika kadhaa.

Siki ni tindikali. Bikaboneti, ile ya pakiti ndogo inayotiwa kwenye keki na maandazi, iko upande wa pili, ni alkali. Zikikutana, kila moja inamaliza nguvu ya mwenzake. Kinachotoka kama povu ni hewa ya kabonidayoksaidi, na kinachobaki chini ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haing'oi chokaa wala haikati mafuta. Hesabu yake si ngumu: kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti, yaani gramu 14 hivi, kinatosha kufuta nguvu ya mililita 200 za siki ya asilimia 5. Hiyo ni karibu glasi nzima ya siki, imenunuliwa dukani na kumwagwa kwenye bomba la maji machafu ikiwa haina tofauti kubwa na maji ya kawaida. Povu lenyewe linaweza kutikisa uchafu uliokwisha kulegea, na faida yake inaishia hapo.

Viungo hivyo viwili ni vizuri sana vikitenganishwa. Kuna madoa yanayotaka tindikali na kuna yanayotaka alkali, na jikoni kwa watu wengi tayari mna zote mbili: siki, ndimu na ukwaju upande mmoja, bikaboneti na magadi upande wa pili. Kabla ya kufungua kabati, mwenye sinki anahitaji majibu mawili tu. Doa ni la nini? Na sinki lenyewe limetengenezwa kwa kitu gani? Masinki mengi yaliyoharibika hayakuharibiwa na madoa. Yaliharibiwa na dawa iliyopakwa bila kuuliza swali la pili.

Jibu la swali la kwanza linapatikana kwa tone moja la ndimu. Ndimu ikatwe, tone lidondoshwe juu ya doa kavu, kisha mtu ainame na kumulika kwa tochi ya simu. Kama doa ni chokaa iliyoachwa na maji, ndani ya sekunde chache vipovu vidogo kama vichwa vya sindano vitaonekana vikipanda pembezoni mwa tone. Tone likifutwa baada ya dakika mbili, mahali pale panakuwa pameng'aa kuliko pembeni yake. Vipovu visipotokea, doa ni la kitu kingine: mafuta, chai, kutu, manjano, au alama ya sufuria. Jaribio hili lina mtego mmoja. Kwenye sinki la terazo, tone la ndimu litatoa vipovu hata kama hakuna doa lolote, kwa sababu linalochemka ni sinki lenyewe. Hilo lina mahali pake mbele.

Wakazi wa pwani wanalijua doa la chokaa kuliko wengine. Unguja na maeneo mengi ya Mombasa yamekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya kisima yanayopita ndani ya jiwe hilo huja yamebeba kalsiamu. Chokaa inayoganda kwenye koki ya nyumba ya Mji Mkongwe ni ndugu wa damu wa chokaa iliyojengea kuta za nyumba hiyo hiyo, maana wajenzi wa zamani waliipata kwa kuchoma matumbawe. Bara nako hakuko salama. Dodoma, ambayo kwa miaka mingi imetegemea visima vya Makutupora, wageni huanza kulalamika kuhusu maji wiki ya kwanza: sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa ngumu, birika linaota ukoko mweupe. Dar es Salaam hali inategemea mtaa, na ndani ya mtaa inategemea nyumba. Anayetumia maji ya Mto Ruvu yaliyosafishwa ana shida ndogo. Jirani yake aliyechimba kisima uani anasugua kila wiki.

Chokaa haiji kwa siku moja. Tone la maji linakauka, maji yanaondoka hewani, madini yanabaki. Tone linalofuata linaongeza tabaka jingine juu yake. Ndiyo maana doa hukaa pale pale kila mara: chini ya koki inayovuja, kuzunguka shina la koki, na kwenye mstari ambapo maji husimama baada ya vyombo kuoshwa. Kusugua tabaka hilo kwa nguvu ni kazi ya kujichosha. Kinachotakiwa ni tindikali na muda.

Njia inayofanya kazi ni hii. Siki nyeupe ipashwe moto kidogo, iwe ya uvuguvugu tu. Kitambaa cha zamani cha pamba au tishu za jikoni ziloweshwe, zikamuliwe kidogo ili zisichuruzike, kisha zizungushwe kwenye shina la koki na kulazwa juu ya mstari mweupe. Ziachwe nusu saa. Kama tabaka ni nene, ziachwe saa nzima na kuongezwa siki zikianza kukauka, maana siki iliyokauka haifanyi kazi tena. Baada ya hapo mswaki wa zamani unatosha. Chokaa inatoka kama tope laini. Maji mengi yafuate, kisha kitambaa kikavu. Kwenye ncha ya koki penye kichujio kilichoziba, mfuko mdogo wa plastiki ujazwe siki, ufungwe kwa mpira ili ncha izame ndani, na baada ya saa moja maji yatarudi kutoka kwa mkondo mmoja badala ya kurukia pande tatu. Koki iliyopakwa rangi ya dhahabu au nyeusi isifanyiwe hivyo, kwa kuwa rangi hiyo mara nyingi ni utando mwembamba unaoweza kubanduka.

Siki ya bei rahisi kabisa dukani, hata ile ya kutengenezwa kiwandani ambayo mpishi mzuri hawezi kuitia kwenye kachumbari, ina tindikali ile ile na inafaa vizuri. Ndimu ina nguvu kuizidi kidogo: juisi yake ina tindikali ya sitriki ya asilimia 5 hadi 6 hivi, na wakati wa msimu, ndimu zikijaa sokoni, inakuwa pia nafuu. Nusu ndimu iliyokwisha kukamuliwa kwenye samaki bado ina kazi. Igeuzwe, isuguliwe kuzunguka koki, iachwe dakika 20. Ukwaju nao una tindikali yake, ya tartariki, ambayo ni hodari zaidi kwa shaba. Kwa koki za shaba za zamani zilizoota ukijani, rojo la ukwaju lenye chumvi kidogo, likipakwa na kusuguliwa kwa dodoki, linarudisha rangi kwa haraka inayoshangaza. Liondolewe kwa maji mara tu kazi inapokwisha.

Sasa swali la pili, lile la sinki limetengenezwa kwa nini.

Terazo iko kwenye nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Tanga, hasa zile zilizojengwa na serikali na mashirika kwa ajili ya wafanyakazi. Ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, ikakaushwa na kusagwa hadi ikawa laini. Marumaru ni aina ya chokaa. Saruji nayo ina kalsiamu. Kwa hiyo siki inayoondoa chokaa kwenye koki inaondoa pia uso wa sinki, na mtu hataona siku ya kwanza. Ataona baada ya miezi: mng'aro umekufa, vinyweleo vimefunguka, na kila chai inayomwagwa inazama ndani na kubaki. Hapo ataongeza siki, na hali itazidi. Terazo ioshwe kwa sabuni ya maji na brashi laini, na madoa yake yatibiwe kwa uji mzito wa bikaboneti ulioachwa dakika 15. Iliyokwisha kulika haiponi kwa kitu cha kabatini. Ni ya fundi wa terazo mwenye mashine ya kusagia.

Sinki la stenlesi lina tabia tofauti kabisa. Chuma hiki kinahusishwa na Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyekuwa akitafuta mwaka 1913 chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Siri yake ni kromiamu, ambayo inapofika asilimia 10.5 au zaidi hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando ukikwaruzwa, hewa inaujenga upya. Masinki mazuri ya jikoni huwa na kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ndiyo maana ya namba 18/8 inayogongwa kwenye baadhi ya vyombo. Sinki la namna hii linaweza kukaa miaka 30. Adui zake wawili wakubwa, hata hivyo, huwa wamekaa pembeni yake kila siku.

Wa kwanza ni stilwaya. Vinyuzi vyake vinakatika wakati wa kusugua na kubaki kwenye mikwaruzo midogo. Hivyo ni chuma cha kawaida, si stenlesi, na usiku mmoja wa unyevu unatosha kuvifanya vishike kutu. Asubuhi mwenye nyumba anaona vidoti vya kahawia na kudhani ameuziwa sinki bandia. Anachukua stilwaya nyingine na kusugua kutu, na kwa kufanya hivyo anapanda mbegu ya kutu ya kesho. Dawa ni kusugua vidoti kwa uji wa bikaboneti na kitambaa laini, au ndimu tupu kwa dakika tano, kisha kuosha. Kama kopo la maziwa au chuma cha jiko kiliachwa ndani ya sinki bichi na kuacha duara la kutu, tiba ni hiyo hiyo.

Adui wa pili ni chumvi, na hapa ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unapotosha. Chumvi na ndimu ni mchanganyiko mzuri wa kutoa kutu kwenye sinki jeupe la kauri: inyunyizwe, ikamuliwe ndimu juu yake, iachwe saa moja, isuguliwe. Kwenye stenlesi, chumvi bichi iliyolala usiku kucha hutoboa utando ule wa kromiamu na kuacha vishimo vidogo vyeusi ambavyo haviondoki. Jiki nayo hufanya hivyo hivyo. Ikibidi kutumika, iwe imezimuliwa, isikae zaidi ya dakika chache, na maji mengi yafuate.

Stenlesi nyingi zina mistari myembamba sana ya kiwandani inayoelekea upande mmoja. Mkono unaposugua ufuate mistari hiyo. Anayezungusha duara anaacha mawingu yanayoonekana kila taa inapowashwa.

Kwa kauri nyeupe, malalamiko makubwa huwa ni mistari ya kijivu ndani ya sinki, ambayo watu huiita mikwaruzo. Mara nyingi si mikwaruzo. Kauri ni ngumu kuliko alumini, na sufuria inapoburutwa juu yake ni sufuria inayolika na kuacha vumbi lake. Kucha ikipitishwa juu ya mstari na isikwame popote, hiyo ni alama ya sufuria, na itatoka kwa bikaboneti iliyolowanishwa kidogo ikawa kama dawa ya meno, ikasuguliwa kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa. Bikaboneti inafaa kwa kazi hii kwa sababu ni laini kuliko kioo kilichopakwa juu ya kauri. Mchanga ni kinyume chake. Chembe zake zinashinda ugumu wa kioo, na sinki lililosuguliwa kwa mchanga au majivu yenye changarawe mwaka mzima linapoteza ngozi yake. Likifika huko, kila kitu kinaacha doa, na hakuna kiungo cha jikoni kitakacholirudisha. Heri kuliacha na rangi yake kuliko kuendelea kulichubua.

Mafuta hayajali ndimu. Ubao wa sinki ulioganda mafuta ya samaki, nazi na vitunguu unataka alkali, na kwa kazi hii Afrika Mashariki ina hazina yake. Magadi, yale mawe ya kijivu yanayouzwa kwa kupimiwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharage na makande, yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi, kusini mwa Kenya, na Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kiwanda cha ziwa Magadi kimekuwa kikichimba tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mzigo wake mwingi huenda viwanda vya vioo na sabuni. Hilo peke yake linaeleza kwa nini jiwe la sokoni linakata mafuta. Magadi yana kaboneti ndani yake pamoja na bikaboneti, kwa hiyo ni makali kuliko pakiti ya kuokea.

Kipande cha ukubwa wa nusu kidole kiyeyushwe kwenye nusu lita ya maji ya moto, maji yachujwe ili mchanga ubaki chini, kisha yamwagwe taratibu kwenye ubao na kuachwa dakika kumi. Mafuta yanalegea na kuwa kama utelezi, kwa kuwa sehemu yake inageuka sabuni pale pale. Yafutwe, yaoshwe. Glovu zivaliwe, maana mikono nayo ina mafuta yake. Sufuria za alumini ziondolewe kwanza: magadi huzila na kuzifanya nyeusi. Na maji yawe ya moto, si yanayotokota, kwa sababu bomba za plastiki zilizo chini ya sinki hazikutengenezwa kwa maji yanayochemka na maungio yake hulegea.

Bafuni kuna utando mwingine wa kijivu unaokaa kwenye mzunguko wa sinki la kunawia, nao una wazazi wawili. Sabuni ya mche ikikutana na maji yenye kalsiamu hugeuka kitu kigumu kinachonata, kisichoyeyuka tena. Watu hukisugua kwa sabuni ile ile iliyokizaa. Hapa zamu zifuatane: siki kwanza kwa dakika 15 ili kuvunja kalsiamu, maji ya kuosha, kisha sabuni ya maji kwa mafuta yaliyobaki. Nyumba yenye maji magumu ikihamia kwenye sabuni ya maji ya kunawia, utando huo hupungua wenyewe.

Doa la chai linadharauliwa, na kwa nyumba zinazokunywa chai ya rangi mara tatu kwa siku ndilo linaloongoza. Tanini za majani ya chai hushikana na kalsiamu ya maji na kujenga utando wa kahawia, ule ule unaoelea juu ya kikombe kilichopoa. Anayekamulia ndimu kwenye chai yake hauoni, kwa kuwa tindikali huizuia kalsiamu kushikana. Sinkini, doa jipya linatoka kwa bikaboneti na dodoki bichi. La miezi linahitaji zamu mbili: siki nusu saa, kuosha vizuri, halafu bikaboneti. Zamu, si mchanganyiko. Kati ya moja na nyingine maji yapite, vinginevyo ni povu lile lile tena. Bekingi pauda isitumike badala ya bikaboneti. Ndani yake tayari mna tindikali kavu na wanga, na ikilowa tu inajimaliza.

Manjano ndiyo yanayotisha watu zaidi. Mchuzi wa pilipili na manjano umemwagika kwenye sinki jeupe, dada wa kazi anachukua sabuni ya mche au maji ya magadi, anapaka, na doa lililokuwa la njano linageuka jekundu kama damu iliyozeeka. Anadhani ameharibu sinki la watu. Hajaharibu kitu. Rangi ya manjano hubadilika ikiguswa na alkali, na tone la ndimu juu ya wekundu ule litaurudisha njano mbele ya macho yake. Rangi hii haiyeyuki vizuri kwenye maji, lakini inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo tiba inaanza kinyume na mazoea: mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa, doa lifutwe kwa mafuta hayo hadi kitambaa kinywe njano, kisha sabuni ya maji iondoe mafuta. Kivuli kinachobaki huisha kwa mwanga, kwa sababu jua huvunja rangi ya manjano. Sinki lililo chini ya dirisha hujisafisha lenyewe kwa siku chache, na kichungio cha plastiki cha vyombo, ambacho huwa cha njano kuliko sinki, kianikwe juani.

Soda nyeusi ya chupa imepata jina kama dawa ya kutu, na si uongo mtupu, maana ina tindikali ya fosforiki. Ila ina pia sukari gramu 10 hivi kwa kila mililita 100, na jiko la pwani lenye sukari kwenye ubao wa sinki litapata sisimizi kabla kutu haijaisha. Ndimu inafanya kazi ile ile bila wageni.

Utelezi wa rangi ya waridi unaotokea kwenye tundu la sinki la bafuni si madini wala rangi. Mara nyingi ni bakteria aitwaye Serratia marcescens, anayependa unyevu na mabaki ya sabuni. Huyu haondolewi na ndimu kwa muda mrefu. Anasuguliwa kwa sabuni, kisha jiki iliyozimuliwa inamalizia, na sinki linaachwa likauke.

Jiki inapoingia kwenye maelezo, kuna onyo moja lisilo na mzaha. Jiki isikutane na siki, ndimu, ukwaju wala dawa kali ya choo. Tindikali huilazimisha itoe hewa ya klorini, gesi ile ile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafuni pa futi chache za mraba, dirisha dogo limefungwa, kiasi cha kikombe kinatosha kumtoa mtu mbio akikohoa, na mwenye pumu anaweza kuishia hospitali. Hatari kubwa iko kwa yule asiyejua kwamba siki ilitumika saa moja kabla yake. Mmoja amepaka siki kwenye koki, mwingine anakuja na jiki kumalizia. Kama sinki lilipata tindikali leo, jiki isubiri kesho, baada ya maji mengi kupita.

Na huyo mwingine mara nyingi ni dada wa kazi. Katika nyumba nyingi anayesugua sinki siye anayenunua vifaa vya kulisugulia, wala hakuwahi kuelezwa lipi ni terazo na lipi ni stenlesi. Anapewa stilwaya na unga wa kusugulia, anaambiwa sinki ling'ae, na likikwaruzika lawama ni zake. Dodoki mbili, mswaki mmoja wa zamani, chupa ya siki yenye alama, kopo la bikaboneti na jozi ya glovu ni vitu vya bei ndogo. Dakika kumi za kumwonyesha jaribio la ndimu zina faida kuliko vyote.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuzuia. Kitambaa kikavu kipitishwe kwenye sinki na koki kila usiku baada ya vyombo vya chakula cha jioni. Tone lisilokauka pale haliachi chokaa pale. Kama kahawia inarudi kila wiki hata bila stilwaya, tangi la juu lichunguliwe, kwa sababu maji ya kisima yenye chuma huacha tope la kutu chini, na kila boza jipya likimwaga maji linalivuruga. Tangi likisafishwa, sinki linapumzika. Na koki inayodondosha ifungwe maji yake chini ya sinki, ifunguliwe, itazamwe washa ya mpira iliyo ndani. Ikiwa imebonyea au imepasuka, ichukuliwe hadi duka la vifaa vya ujenzi ili ipatikane ya saizi ile ile. Kwa koki ya kuzungusha, kazi yote inahitaji spana moja.